Kabla ya jiko kuingia ndani
Somo la msimu wa baridi kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands

Saa kumi na mbili jioni, mwezi wa Julai, Soko la Burma halina haja ya hita. Nyama inachomwa, makaa yanapepewa, na wateja wanaosubiri kilo yao wanasogelea jiko na kunyoosha mikono. Moshi unapanda, unapita juu ya mabati, unaelekea upande wa Barabara ya Jogoo, na hakuna anayeufikiria tena. Saa tatu usiku jiko la aina ile ile, lenye makaa ya aina ile ile, limebebwa hadi ndani ya chumba huko Shauri Moyo au Maringo. Mlango umefungwa na watoto wamelala. Jiko halijabadilika hata kidogo. Kilichopungua ni upepo wa sokoni.

Karibu kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, vyombo vya habari nchini huripoti habari za familia iliyokutwa asubuhi haiamki, na jiko likiwa katikati ya chumba na jivu lake. Mara nyingi majirani husema hawakuona moshi wowote usiku huo. Husema kweli, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Baridi ya Nairobi si ya mzaha. Usiku wa Julai kipimo cha joto jijini hushuka hadi nyuzi 11 au 12 za Selsiasi, na mara nyingine chini ya 10. Nyumba ya mabati hupoteza joto lake lote kabla ya saa nne usiku. Mzazi mwenye mtoto mchanga anayetafuta njia ya kupasha chumba joto hana kosa. Ila swali ambalo wengi huanza nalo wanapofika kwa fundi ni: jiko gani ni zuri? Swali la kwanza lingekuwa lingine: hewa chafu ya jiko hili itatoka wapi? Mwenye kulijibu hilo ataona kwamba kuchagua jiko kumekuwa rahisi, na pengine atagundua kwamba hahitaji jiko kabisa.

Makaa mekundu si makaa salama

Kuna desturi inayojulikana katika kila ploti. Jiko linawashiwa nje, linaachwa lifuke mpaka makaa yawe mekundu na moshi uishe, ndipo linaingizwa ndani. Wengi huamini kwamba wakifanya hivyo sumu imebaki nje. Desturi hii hupunguza moshi unaochoma macho, na hilo ni jambo jema kwa kifua. Lakini sumu inayoua watu usingizini si moshi. Ni gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho wala kukohoza. Na makaa mekundu ndiyo hasa huitengeneza.

Angalia jiko likiwa limekolea. Hewa inaingia kupitia mlango wa chini, inakutana na makaa ya chini, na hapo yanaungua vizuri na kutoa kaboni dioksidi. Gesi hiyo inapanda na kupita katikati ya makaa mengine ya moto yaliyo juu yake. Yale makaa ya juu huinyang'anya sehemu ya oksijeni yake, na inapotokea juu imekuwa kaboni monoksidi. Kama kuna hewa ya kutosha, gesi hiyo huwaka palepale juu ya jiko. Ule mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa, ambao kila mpishi ameuona, ni kaboni monoksidi ikiungua. Mwali wa buluu ukizimika kwa sababu makaa yamefunikwa na jivu, gesi haijaisha. Inatoka bila kuungua na kuingia chumbani. Kwa hiyo jiko lililotulia, lenye jivu juu na wekundu chini, ambalo mtu hulitazama na kusema sasa limepoa, ndilo la kuogopwa zaidi.

Ikifika ndani ya mapafu, gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka lakini imebeba abiria asiyefaa. Ubongo na moyo hukosa oksijeni polepole. Aliye macho huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, miguu ikawa mizito. Aliyelala hahisi chochote. Usingizi wake huwa mzito zaidi, basi.

Wapo wanaoweka sufuria ya maji kando ya jiko wakiamini maji yatavuta sumu. Maji huongeza unyevu chumbani, lakini kaboni monoksidi haiyeyuki ndani yake kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Wapo pia wanaotia chumvi au maganda ya chungwa juu ya makaa. Harufu itakuwa nzuri na sumu itakuwa pale pale.

Hesabu ya futi kumi kwa kumi

Chumba cha kawaida cha kupanga Eastlands ni futi kumi kwa kumi, na dari iko futi tisa hivi kutoka sakafuni. Hicho ni chumba cha karibu mita 25 za ujazo, kabla ya kuondoa nafasi iliyochukuliwa na kitanda, kabati, viti na watu wenyewe.

Kilo moja ya makaa inahitaji karibu mita 9 za ujazo za hewa ya Nairobi ili iungue vizuri. Hewa ya huku juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, ni nyepesi kidogo kuliko ya Mombasa, kwa hiyo huhitajika nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba kilo moja tu ya makaa ikiungua ndani ya chumba kilichofungwa itamaliza oksijeni ya zaidi ya thuluthi moja ya hewa yote ya chumba hicho. Haitafika huko ikiungua vizuri, kwa sababu oksijeni inapopungua makaa huanza kuungua vibaya, na yanapoungua vibaya gesi ya sumu huongezeka. Mambo mawili yanakwenda pamoja: hewa ya kupumua inapungua na sumu inazidi.

Nyumba nyingi za zamani zilijengwa na matundu ya hewa juu ya dirisha au juu ya mlango. Aliyezichora alijua alichokuwa akifanya. Leo matundu mengi yamezibwa kwa magazeti, matambara au karatasi za plastiki ili kuzuia baridi na mbu. Mengine yamezibwa na vibanda vya mabati vilivyoegemezwa ukutani, hata dirisha lenyewe halioni nje tena, linatazama chumba cha jirani. Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba asimame katikati ya chumba chake mlango ukiwa umefungwa na atafute mahali hewa inapoingilia na mahali inapotokea. Kama hapaoni, basi chumba hicho hakifai moto wa aina yoyote usiku, awe na jiko la bei gani.

Majiko yaliyopo na yanayoulizwa

Kutoka Burma, mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi kwa mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji, ambako mlio wa nyundo juu ya bati haunyamazi mchana kutwa. Mafundi wa upande huu wana historia yao. Mapema miaka ya 1980, wakati Nairobi ilikuwa imetoka kuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1981 kuhusu nishati mpya, mafundi wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutengeneza jiko la kauri ambalo sasa liko katika nyumba nyingi nchini: bati lenye kiuno chembamba, na ndani yake bakuli la udongo uliochomwa lenye matundu chini. Jiko hilo hutumia makaa pungufu kwa asilimia 30 hadi 50 kuliko lile la zamani la bati tupu. Lilivuka mipaka likaigwa katika nchi nyingine nyingi za Afrika.

Anayelinunua alitazame kwanza bakuli la kauri. Aligonge kwa ukucha: likitoa mlio mkali ni zima, likitoa sauti ya debe bovu lina ufa. Atazame kama saruji iliyoliunganisha na bati imejaza pengo lote. Afungue na kufunga mlango wa hewa mara kadhaa, kwa sababu mlango usiofunga ndio unaomaliza makaa. Mazungumzo ya kawaida ni mafupi:

"Fundi, hili litakaa?"

"Mama, hilo ukilimwagia maji likiwa moto, hata mwezi halimalizi. Uliache lipoe lenyewe."

Fundi amesema kweli. Asichoulizwa, na ambacho hapaswi kulaumiwa kwa kutokisema, ni kwamba jiko la kauri limetengenezwa kwa kupikia mahali penye hewa. Kupunguza makaa hakulifanyi kuwa hita ya chumba cha kulala. Jiko la kisasa zaidi la makaa, lenye kuta mbili na dhamana ya kiwanda, liko katika hali hiyo hiyo. Halina bomba la kutolea moshi. Kila linachotoa kinabaki chumbani.

Siku hizi kuna nishati nyingine inayozungumzwa: peleti. Hizi ni punje ndogo, nene kama penseli, zilizobanwa kutokana na vumbi la mbao, maganda ya mazao au makapi ya miwa. Hazina gundi. Joto na shinikizo la mashine huilainisha mbao yenyewe ikajishika. Tangu serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018 na bei ya gunia la makaa ikapanda, wafanyabiashara wengi walianza kulitazama vumbi la mbao kwa jicho jingine. Yeyote aliyewahi kushindilia vumbi hilo kwenye kopo la rangi, chupa ikiwa katikati ili kuacha tundu, kisha akapikia maharagwe juu yake, anajua kwamba wazo lenyewe si geni mitaani.

Peleti nzuri inajulikana kwa macho na kwa maji. Inang'aa kidogo, haina vumbi jingi chini ya mfuko, na ikitiwa kwenye glasi ya maji huzama, kisha baada ya dakika chache hufumuka na kuwa vumbi tena. Ikielea haikubanwa vya kutosha. Kwa sababu hiyo hiyo ya kufumuka, mfuko wa peleti haukai sakafuni penye unyevu wala chini ya bati linalovuja. Msimu mmoja wa mvua unatosha kuzigeuza uji.

Jiko la kupikia la peleti huwashwa kutoka juu, si chini. Hewa kidogo huingia chini kuzichemsha peleti zitoe gesi yake, na hewa nyingine huingia juu kuiunguza gesi hiyo kwa mwali safi. Mengine yana feni ndogo inayotumia betri. Likifanya kazi sawasawa, moshi wake ni mdogo sana ukilinganisha na wa kuni. Lakini mwali ukiisha, chini hubaki makaa ya peleti yanayoendelea kufuka, na makaa ni makaa. Yamwagwe nje kwenye chombo cha bati chenye mfuniko, si kuachwa yakipasha chumba joto.

Jiko la peleti linaloingizwa mekoni

Lipo jiko jingine kabisa linalobeba jina hilo la peleti. Ni sanduku la chuma linalosukumwa ndani ya meko ya ukutani, lenye kioo mbele. Lilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1980 na kuenea hasa Italia. Sehemu ya juu kuna sanduku la kuwekea peleti. Skrubu kubwa inayozungushwa na mota huzidondosha chache chache kwenye bakuli la moto. Feni moja husukuma moshi nje kupitia bomba, na feni nyingine hupuliza hewa safi iliyopashwa joto kuingia chumbani. Moto na hewa ya kupumua havikutani. Hilo ndilo linaloifanya kuwa hita, na jiko la Burma lisiwe.

Je, lafaa Nairobi? Kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, hapana. Majiko haya yametengenezwa kwa nyumba za nchi zenye theluji, na hata lililo dogo, likiwa limepunguzwa hadi mwisho, hutoa joto la kilowati 2 au zaidi, ilhali chumba kama hicho kinahitaji takriban nusu yake. Kwa nyumba nzima ya mawe yenye sebule, meko na dohani nzima, mazungumzo yanaweza kuanza, ila mnunuzi ajiulize mambo matatu kwanza. Peleti zitapatikana mwaka mzima, au muuzaji ana mifuko kumi tu? Mota na skrubu vikiharibika, kipuri kitatoka wapi? Na stima ikipotea?

Hili la mwisho lina uzito wake. Jiko hili haliwaki bila umeme. Tokeni ikiisha usiku wa manane feni husimama, na peleti zilizobaki kwenye bakuli huendelea kufuka bila kitu cha kuusukuma moshi. Dohani ndefu inayovuta vizuri itautoa. Dohani fupi au iliyoziba itaurudisha sebuleni. Anayelifunga katika nyumba inayopoteza stima mara kwa mara aweke betri ya akiba inayoweza kuendesha feni hadi moto uishe.

Kuipima na kuitayarisha dohani

Dohani ya zamani isiaminiwe kwa sababu inaonekana kwa nje. Nyingi hazijawashiwa moto kwa miaka mingi. Ndege wamejenga viota, wapangaji wa zamani wamefunika mdomo wa juu kwa bati, matofali ya ndani yamebomoka na kuziba katikati, au paa lilipobadilishwa dohani ilikatwa na kuishia chini ya mabati. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, maana moshi hujaa darini, ambako kuna mbao na nyaya.

Jaribio la kwanza halina gharama. Mchana, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, washa kijiti cha udi au pindua gazeti dogo lenye kufuka moshi na ulishike kwenye mdomo wa meko. Moshi ukivutwa ndani na kupanda, njia iko wazi. Ukisitasita na kurudi usoni, kuna kizuizi, au chumba kimefungwa mno hata hakuna hewa ya kuingia kuchukua nafasi ya ile inayotoka. Fungua dirisha kidogo urudie. Ukivutwa sasa, shida ilikuwa chumba. Ukiendelea kurudi, shida ni dohani. Mtu mwingine asimame nje atazame moshi ukitoka juu, na pia atazame kama unatokea mahali pengine: kwenye nyufa za ukuta, chini ya mabati, au dirishani kwa jirani anayetumia ukuta huo huo. Nyumba za mawe zilizopangwa kwa safu mara nyingi huwa na kuta za pamoja, na ufa wa sentimita moja ndani ya dohani unaweza kumpelekea jirani sumu ya moto asioujua.

Baada ya hapo dohani isafishwe kwa brashi ya waya kuanzia juu. Masizi ni fueli. Yakishika moto ndani ya dohani huunguruma kama lori linalopanda mlima, na joto lake hupasua ukuta.

Jiko la peleti haliachiwi litoe moshi wake ovyo ndani ya dohani pana ya zamani. Moshi wake si wa moto mkali kama wa kuni. Ukiingia kwenye uwazi mkubwa wenye kuta baridi hupoa, huacha maji na masizi, na huweza kukosa nguvu ya kupanda. Kwa hiyo bomba la chuma kisichoshika kutu hupitishwa ndani ya dohani kutoka kwenye jiko hadi juu kabisa, bila kupungua kipenyo njiani. Pengo kati ya bomba na mdomo wa dohani huzibwa juu na chini. Mlango mdogo wa kusafishia huachwa mahali ambapo mkono unafika. Jiko moja lina bomba lake. Kuunganisha majiko mawili kwenye bomba moja ni kuufungulia moshi wa moja njia ya kutokea kwenye jingine.

Pale ambapo hakuna dohani na bomba linapita kwenye dari na mabati, hatari inahama kutoka kwenye hewa hadi kwenye moto. Bomba lenye ukuta mmoja likae angalau sentimita 45 mbali na mbao, dari, pazia au kitu chochote kinachoshika moto. Bomba la kuta mbili lililotengenezwa kwa kazi hiyo linaruhusu ukaribu zaidi, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, wala si kwa kukisia kwa fundi. Juu ya paa liendelee kupanda kama mita moja, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kutoka hapo, ili upepo usiurudishe moshi chini. Kofia ya bati huwekwa juu kuzuia mvua.

Katika nyumba za kaunti, mpangaji hana ruhusa ya kutoboa ukuta au paa kwa uamuzi wake mwenyewe. Ofisi ya mtaa ndiyo mahali pa kuanzia, kwa maandishi, kabla fundi hajaitwa. Mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi apate idhini ya mwenye nyumba vivyo hivyo. Si urasimu wa bure, kwani anayetoboa paa la nyumba iliyo kwenye safu ametoboa paa la majirani zake pia.

Kengele ya kugundua kaboni monoksidi iwekwe katika kila nyumba yenye jiko la aina hii. Kengele ya moshi haiwezi kufanya kazi hiyo. Gesi hii huchanganyika na hewa ya chumba chote, kwa hiyo kengele hutundikwa karibu na usawa wa kichwa cha mtu aliyelala au aliyeketi, isifichwe nyuma ya pazia. Ibonyezwe kitufe cha majaribio kila mwezi, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa mgongoni ifuatwe.

Kwa anayekaa chumba kimoja

Wengi wa wasomaji hawa hawana meko wala dohani. Wana chumba, pazia linalogawanya kitanda na viti, na jiko mlangoni. Kwao ushauri hauhitaji fundi.

Pika chakula cha jioni mlango na dirisha vikiwa wazi. Mkiisha kula, jiko litoke nje na jivu lake, lisirudi mpaka asubuhi. Joto lililobaki ukutani litunzwe: tambara lililokunjwa chini ya mlango huzuia upepo wa miguuni, na hilo halina madhara mradi matundu ya juu yako wazi na hakuna moto ndani. Maji yaliyochemshwa kwenye jiko hilo hilo, yakitiwa kwenye chupa ya mpira na kufungwa kwa kitambaa, hupasha kitanda cha mtoto kwa saa kadhaa. Sweta nzito na blanketi ya pili kutoka Gikomba hugharimu mara moja, ilhali makaa hununuliwa kila jioni.

Mwenye stima anaweza kutumia hita ndogo. Hita ya wati 1,000 ikiwaka saa mbili hula yuniti 2, na mtu anaweza kupiga hesabu hiyo kwa tokeni yake mwenyewe. Ichomekwe moja kwa moja ukutani, siyo kwenye ekstensheni inayobeba pia friji na televisheni, na isiwekwe kamwe kwenye waya wa kuunganishwa kienyeji. Hita ya gesi ya mtungi isiyo na bomba huingia katika kundi la jiko la makaa: hutumia hewa ya chumba, na hailaliwi nayo.

Mtu akikutwa hana fahamu

Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja na nafuu inakuja wakitoka nje, hiyo si malaria wala mafua. Ni hewa ya ndani. Wajawazito, watoto na wenye ugonjwa wa moyo hudhurika mapema kuliko wengine.

Anayemkuta mtu amezirai ndani ya chumba chenye jiko asiingie na kuanza kumtikisa. Afungue mlango wazi kabisa kwanza, apige kelele majirani waje, avute pumzi nje, kisha aingie na kumburuta mgonjwa hadi kwenye hewa. Apige 999 au 112. Kama mgonjwa anapumua, alazwe ubavu. Kama hapumui, anayejua kumsaidia kupumua na kubana kifua aanze mara moja. Kisha apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anasema yuko sawa. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kutoka mwilini. Akipewa oksijeni hospitalini, muda huo hushuka hadi saa moja na kidogo. Wahudumu waambiwe waziwazi kwamba kulikuwa na jiko ndani, kwa sababu bila neno hilo dalili zinafanana na za magonjwa mengine mengi.

Watu wote wa chumba hicho wahesabiwe, pamoja na yule aliyelala nyuma ya pazia. Jiko litolewe mwisho.